Daftari la Kibanda cha Old Korogwe

Mjomba wangu hakuwahi kuniambia kwamba na yeye ni mwandishi. Kaunta buku lake nilikuwa nalifahamu tangu mtoto: la kwaya tatu, jalada jeusi, kona nyekundu zilizochanika. Alikuwa akiliweka mapajani pale mlangoni wakati anapokea kiingilio, na sisi tulidhani ni la mahesabu tu. Mwaka jana nilikwenda Old Korogwe kumsaidia kutoa vitu kwenye chumba cha uani kabla mvua haijashusha paa. Nikalikuta chini ya deki mbili mbovu na televisheni ya chogo, nikakaa juu ya ndoo, nikalifungua.

Ni la mahesabu kweli, kwa safu nne za kwanza: tarehe, picha, watu, hela. Safu ya tano ndiyo pana kuliko zote. Juu yake ameandika kwa kalamu nyekundu neno moja: Wamesemaje.

Wamesema mengi. Kwamba picha ilikuwa fupi. Kwamba sauti inakwaruza. Kwamba steringi alikufa mwishoni, jambo ambalo halikubaliki, na watu wakagoma kutoka mpaka wawekewe nyingine. Kwamba mtafsiri amedanganya, yule si dada yake steringi, ni mchumba wake. Mahali pengine ameandika kuwa mkanda ulikwama katikati, na amerudisha shilingi 50 kwa kila mtoto na shilingi 100 kwa mzee mmoja aliyetoka Kwamndolwa kwa miguu. Ukurasa wa kwanza ni wa Julai 1992, wa mwisho ni wa 2014. Yaani miaka 22 ya malalamiko, na aliyeyaandika ni mlalamikiwa mwenyewe.

Katika kazi yangu ya uandishi wa habari nimesoma ripoti nyingi za maoni ya wateja, zenye asilimia na michoro ya rangi. Sijawahi kuona moja iliyoandika kwamba fulani alilalamika, na hapo hapo akarudishiwa kiasi gani.

Ila nitubu kwanza, ndipo tuendelee. Kuelekea mwisho wa daftari kuna kipande cha gazeti kimebandikwa kwa gundi. Ni habari niliyoiandika mimi Januari 2013, nikiwa bado mgeni kazini na jina langu likiwa jipya machoni pangu. Nilikuwa nimeandika kwamba Tanzania inaingia dunia ya kidijitali, kwamba chenga kwenye televisheni zinakuwa historia, kwamba mwananchi wa kawaida sasa atapata picha safi. Hakuna uongo hata mmoja mle ndani. Lakini sikuwa nimemuuliza mwananchi wa kawaida hata mmoja, wakati mmoja wao nilikuwa nikimpigia simu kila Jumapili. Kwenye simu moja kati ya hizo nilimwambia: Mjomba, achana na mambo ya deki, nunua king'amuzi. Akanunua.

Kwa hiyo hii ni historia ya kibanda kimoja, imeandikwa na mtu mwenye deni nacho.

Kibanda kile kilizaliwa na mkonge. Mjomba alikuwa mtu wa korona, ile mashine inayosaga jani la mkonge na kutoa singa. Wasomaji ambao si wa Tanga pengine hawajui ukubwa wa jambo hili: mwaka 1964 Tanzania ilizalisha karibu tani 230,000 za mkonge, hakuna nchi iliyotufikia, na Korogwe ilikuwa katikati ya mashamba hayo. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 uzalishaji haukufika hata robo ya kiasi hicho. Kamba za plastiki zilikuwa zimeshachukua soko, na mashamba mengi yalikuwa vichaka. Mjomba alipunguzwa kazini akapewa kiinua mgongo. Wenzake walinunua baiskeli, mabati, wengine walirudi kwao Kigoma na Songea ambako baba zao waliletwa zamani kama manamba. Yeye alipanda basi akaenda Tanga mjini, akarudi na deki ya VHS, televisheni ya inchi 20 na mikanda sita.

Miaka kumi nyuma asingeweza. Bidhaa za namna hiyo zilikuwa hazionekani madukani. Mlango ulifunguka kidogo na bajeti ya 1984, iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa sana, halafu akaja Mzee Mwinyi, na jina la Mzee Ruksa hakupewa bure. Kampuni ya JVC ya Japani ilianza kuuza VHS mwaka 1976. Old Korogwe ilifika mwaka 1992, imebebwa juu ya basi, imefungwa kwa blanketi.

Kuna jambo moja ambalo wadogo zangu huwa hawaliamini. Wakati ule Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Sisi tulisubiri mpaka 1994, vilipoanza vituo vya watu binafsi kama ITV na CTN, na ya taifa, TvT, ikaja mwishoni mwa muongo huo. Kwa hiyo televisheni ya Mjomba ilikaa miaka miwili ikiwa haina cha kupokea kutoka hewani. Ilikuwa ni kifaa cha kuchezeshea mkanda, basi. Kwingineko duniani video ilikuja kumwongezea mtu mwenye televisheni uhuru wa kuangalia anachotaka, saa anayotaka. Kwetu video ilitangulia, na haikuwa ya sebuleni. Ilikuwa ya uani, chumba cha udongo, mabenchi manane, madirisha yamezibwa kwa magunia ya katani. Ukitoka mle shati limelowa na mbavu zinauma. Jina la kibanda umiza halihitaji maelezo.

Mjomba alidhani yeye ndiye wa kwanza kuleta sinema ya kufundishana maisha kwa watu wa mkonge. Nilimwambia si kweli, na hakufurahi.

Ukisimama Old Korogwe asubuhi isiyo na ukungu, unaiona milima ya Usambara imesimama kama ukuta. Huko juu kuna Vugiri. Mwaka 1935 ilifunguliwa pale studio ya filamu. Ndiyo, Vugiri. Mradi uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, chini ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari, kwa fedha za Carnegie Corporation ya New York. Waliouongoza uwanjani walikuwa Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham. Huyu Notcutt ndiye wa kuangaliwa vizuri. Alikuwa mtu wa mashamba, na moja ya mawazo yaliyomwingiza kwenye filamu ni kwamba sinema ingeweza kuwafanya vibarua watulie shambani. Hadi mradi unafungwa mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu zipatazo 35, fupi fupi, za milimita 16: minyoo, kodi, chai, malaria ya watoto. Moja ilihusu benki ya akiba ya posta. Vibarua wawili wamepata mshahara, mmoja anaufukia chini mwizi akimwona, mwenzake anaupeleka posta. Mwisho wake unaujua hata kabla hujakaa.

Filamu hazikuwa na sauti ndani yake. Sauti ilirekodiwa kwenye sahani za santuri, kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo, na sahani ilichezeshwa pembeni huku picha ikizunguka. Kwa hiyo picha moja iliweza kusafiri nchi kadhaa za Afrika Mashariki na ya Kati kwa kubadilishiwa sahani tu. Wakaonesha, wakakusanya taarifa za jinsi watu walivyopokea, wakachapisha kitabu mwaka 1937, The African and the Cinema. Filamu zenyewe karibu zote zimepotea. Chache zilizobaki ziko Uingereza.

Kitabu hicho, ukipenda, ni daftari la kwanza la maoni ya watazamaji lililotoka wilaya ya Korogwe. Ila kalamu ilishikwa na mgeni, na swali lake lilikuwa: je, wanaelewa? Miaka michache baadaye, 1939, Uingereza ilianzisha Colonial Film Unit, na mkuu wake William Sellers alishikilia kwamba Mwafrika asiyezoea sinema hawezi kufuata picha inayokatwa haraka haraka, kwa hiyo atengenezewe za polepole. Natamani Sellers angekaa benchi la mbele kwa Mjomba siku ya Jackie Chan. Watoto wa darasa la tatu walikuwa wanajua ngumi ya tano itatoka wapi.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Hao wa Vugiri, umeme ukikatika walirudisha hela?" Nikamwambia yalikuwa maonesho ya kufundishia. Akasema, "Basi hawakuwa na wateja hao, mjomba. Walikuwa na wanafunzi."

Nimelifikiria sana jibu hilo, na ndilo lililonirudisha kwenye safu ya tano kuisoma kwa makini. Miaka ya mwanzo, 1992 mpaka 1995, malalamiko mengi ni ya chombo. Hedi za deki chafu, picha inacheza. Mjomba alikuwa anazisafisha kwa spiriti na kipande cha shati. Mkanda uliopita mikono mingi ulikuwa na mstari mweupe unaopanda na kushuka kwenye uso wa steringi. Watu walilalamikia pia vichwa vya muvi kutofanana na kilichomo, maana Mjomba alikuwa anabandika nje ya mlango karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa mkono, na aliamini sana katika neno MOTO.

Kuanzia 1996 malalamiko yanahama. Sasa ni ya maneno. Mjomba alikuwa ameanza kutafsiri.

Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba na cha wasimamizi wa shamba. Alinunua maiki, akaiunganisha na spika ya redio, akakaa pembeni ya televisheni kwenye stuli. Kila bosi wa majambazi alikuwa "meneja". Wauza dawa za kulevya walikuwa wanapima mzigo kama wanavyopima marobota ya singa. Watu wakitoroka mji, wanatorokea Mombo. Hakuwa anatafsiri, kusema kweli. Alikuwa anasimulia, na picha inamsaidia. Kuna siku wanachuo wa ualimu walikuja wakawa wanamsahihisha kwa sauti, kila sentensi. Daftari linasema: Wanachuo wanne. Wanajua Kiingereza, hawajui picha. Lakini wiki iliyofuata ameandika kwamba mmoja wao alirudi, akakaa naye mchana kutwa wakapitia mkanda mzima kabla ya maonesho ya usiku. Kiingilio chake kikafutwa mwezi mzima.

Kazi hii haikuwa ya Mjomba peke yake. Dar es Salaam, Derek Mukandala, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Lufufu, aliifanya kuwa biashara kamili: sauti yake iliingizwa kwenye mkanda, baadaye kwenye CD, ikasafiri bila yeye. Akaja DJ Mark na wengine. Uganda wanawaita maviijei, na VJ Jingo ni jina kubwa huko. Kenya wana DJ Afro. Mjerumani mmoja, Matthias Krings, ameandika kuhusu wasimuliaji hawa katika kitabu chake cha 2015, African Appropriations. Ni jambo jema, ingawa najiuliza kwa nini mtu wa kwanza kuwachukulia kwa uzito mkubwa hivyo lazima atoke Ujerumani.

Kwa Mjomba, Lufufu alikuwa msiba. Mwaka 2004 safu ya tano inaanza kusema: wanataka Lufufu. Wanataka Lufufu. Mara nne katika mwezi mmoja. Lufufu alikuwa mzuri zaidi, hilo hata Mjomba alikubali, ila Lufufu alikuwa kwenye CD. Ukimbishia habari ya mchumba na dada, hakusikii. Mjomba akaweka maiki kwenye kasha la viatu. Nadhani hapo ndipo kilipoanza kitu ambacho mimi nilikuja kukisifia gazetini miaka tisa baadaye.

Nisifanye kibanda kuwa pepo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 ilitaka vibali kwa anayeonesha filamu hadharani, na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ilimlinda mwenye kazi yake. Mjomba alikuwa na leseni ya biashara siku nyingine, na siku nyingine alikuwa na mlango wa nyuma. Hakuna mtu Hollywood au Mumbai aliyepata hata senti yake moja. Usiku sana, baada ya watoto kufukuzwa, kulikuwa na picha ambazo kwenye daftari hazina jina, zina nyota tu. Na kubwa zaidi, nusu ya Old Korogwe haikuwemo. Nilipomwonesha mama yangu daftari, dada yake Mjomba, alilipekua akanirudishia. "Nitafutie humu jina la mwanamke," akasema. Nilimpata mmoja, muuza karanga, aliyelalamika kwamba watu wanatupa maganda yake sakafuni kisha anaambiwa afagie yeye.

Mama aliona televisheni yake ya kwanza ya kudumu sebuleni kwake, ameketi, kanga imelegea, hakuna mtu wa kumgusa gizani. Usimweleze habari za uzuri wa kibanda.

Filamu zetu wenyewe ndizo zilizompa Mjomba miaka yake ya mwisho mizuri. Baada ya Girlfriend ya 2003, bongo muvi zilimwagika, na hazikuhitaji mtafsiri. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, Mjomba aliweka picha zake siku saba mfululizo, na kwa mara ya kwanza, anasema mama mwenyewe, wanawake waliingia. Safu ya watu siku ya tatu inasema 61. Safu ya tano: Wamelia. Hakuna aliyedai kitu.

Miezi tisa baadaye yakaja mambo mawili kwa pamoja. Tarehe 1 Januari 2013 stempu za kodi zilianza kutakiwa kwenye CD na DVD za filamu na muziki. Na mitambo ya analojia ikaanza kuzimwa: Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, Tanga na Dodoma mwezi mmoja baadaye, tarehe 31 Januari 2013. Tulikuwa wa kwanza Afrika Mashariki, na mimi niliandika hivyo kwa fahari. Antena pekee haikutosha tena, ilikubidi uwe na king'amuzi (wanaojali lugha wanasema kisimbuzi, lakini Korogwe ukisema hivyo utauliziwa ni dawa ya nini).

Mjomba alinunua chake kwa hela ya deki aliyoiuza na kidogo nilichomtumia. Kampuni siitaji, na sidhani nyingine ingekuwa tofauti. Uani kwake kilishika kwa kubahatisha, kwa kuzungusha antena juu ya mti wa mwembe huku mtoto akipiga kelele "hapo hapo!" Kilipokubali, kilikubali vizuri, picha kama kioo. Mpira ulijaza chumba. Halafu siku ya tisa umeme ukakatika siku tatu.

Hapa inabidi nieleze kuhusu umeme wetu. Mto Pangani, ambao wazee bado wanauita Ruvu, unapita Korogwe na kushuka Hale, na pale Hale kuna mitambo ya umeme tangu 1964. Chini yake ipo mingine, New Pangani Falls, ya 1995. Kwa hiyo maji yanayowasha taa za watu yanapita mbele yetu, na giza letu tunalijua vizuri vile vile. Mgawo wa 2006 Mjomba aliuandika siku kwa siku. Kanuni yake ilikuwa moja: umeme ukikatika kabla ya nusu ya picha, unarudishiwa yote. Baada ya nusu, unaingia kesho bure. Kwa mwaka ule pekee, nimejumlisha, alirudisha zaidi ya robo ya alichokusanya. Kuna wiki alirudisha zaidi ya alichopata, maana wengine walidai na ya wiki iliyopita.

King'amuzi hakina kanuni hiyo. Kifurushi ni cha siku 30, na siku 3 za giza zinahesabika. Mjomba alipiga namba ya huduma kwa wateja kutoka kwenye simu yangu nilipokwenda Pasaka, akasikiliza muziki, akabonyeza 1, akabonyeza 4, akasikiliza muziki. Dada wa watu alipopokea alikuwa na adabu sana. Alimwambia malipo yakishafanyika hayarudishwi. Mjomba akamuuliza, "Hata mkanda ukikwama?" Yule dada hakuelewa swali, na mimi nilikuwa nimeshikilia kikombe cha chai nikiangalia chini.

Wateja wake nao walikuwa wanadai kwake. Umeme umekatika, mpira umeishia dakika ya 60, hela yangu. Akawa anarudisha kwa mkono mmoja kitu ambacho mkono wa pili haurudishiwi. Hesabu hiyo haihitaji chuo kikuu. Mwaka 2014 akafunga.

Yaliyofuata yanajulikana, nitapita haraka. Azam TV walianza mwishoni mwa 2013, na ligi yetu ikaonekana nyumba kwa nyumba, Simba na Yanga sebuleni. Netflix wakafungua huduma zao kwa karibu dunia nzima Januari 2016, sisi tukiwemo. Agosti 2018 chaneli za ndani za bure ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya kulipia vya dishi kwa sababu za leseni, na wenye kipato kidogo wakawa wanahesabu: king'amuzi hiki cha mpira, kile cha habari, rimoti tatu kwenye kochi moja. Aprili 2021 bei za bando zilipobadilika, kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba mabadiliko yalisitishwa ndani ya siku chache. Hiyo ndiyo mara pekee ninayoikumbuka mimi ambapo watazamaji na wasikilizaji wa nchi nzima walilalamika jioni wakajibiwa karibu hapo hapo. Vijana wa Old Korogwe wao wana njia yao: flashi, kibanda cha mwenye kompyuta, muvi iliyotafsiriwa na madijei wapya. Ikigoma kucheza, unarudi na flashi yako mkononi na yule jamaa yupo, anakuwekea nyingine. Sio halali, najua. Ila yupo.

Sauti ya kutafsiri nayo imerudi, sasa ikiwa na studio nzuri. Mwaka 2011 TBC walionesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na Mama Wakwe Zake ikiwa imeingizwa Kiswahili, na mama yangu alimzungumzia mkwe wa Beijing kama jirani. Baadaye zikaja za Kituruki, Sultan na zilizofuata. Siku ile ya kutoa vitu, jioni, tulikaa sebuleni kwa mama kuangalia mojawapo. Mjomba hakukaa kimya. Kila mtu wa Istanbul akifungua mdomo, yeye ana lake. "Hapana, huyo anamdanganya. Ona macho." Mama akamwambia, "Kaka, waache waseme wenyewe." Saa 3 kasoro skrini ikawa nyeusi, na maandishi meupe yakatujulisha kwamba kifurushi kimeisha.

Nikatoa simu nilipie. Mjomba akasema niache kwanza, akaniomba nimletee daftari. Nikamfungulia kwenye ule ukurasa wa kipande cha gazeti. Safu zote amezijaza: tarehe, kichwa cha habari mahali pa picha, mtu 1. Kwenye hela, sifuri. Ya tano iko tupu.

"Mbona hapa hukuandika kitu, mjomba?"

"Hukulipa kiingilio," akasema. "Asiyelipa hana safu hiyo."

Nilikuwa na sarafu ya shilingi 200 mfukoni. Akaipokea, akaigeuza kama vile ni ngeni, akanirudishia 100 kutoka kwenye kopo la mama. Akachora mstari chini ya Machi 2014, akaandika tarehe ya siku ile, akaniangalia juu ya miwani, kalamu ikiwa imeshagusa karatasi.

"Haya. Sema."